Katika Khabari za Mapango na Mashimo, na Mwenye Kuyaogopa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeumba mbingu na ardhi, na vilivyo juu ya ardhi na vilivyo chini yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Watu wa pwani, wa Kilwa na Lindi na Mikindani, tangu zamani wana desturi ya kupanda bara kutafuta riziki, na wengi wao njia yao ni ya Nachingwea na Ruangwa. Babu zao walikwenda kwa miguu. Kisha ikaja miaka ya mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza, yaliyofunguliwa Nachingwea tangu mwaka wa 1947 yakafa kwa muda mchache, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili yake ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Siku hizi watu huenda kununua korosho na ufuta, na wengine hufuata madini. Kwani ardhi ya Ruangwa ina kinywe, na kilima cha Ntaka katika Nachingwea kina nikeli, na wachimbaji wadogo huchimba mashimo yao wenyewe kwa sururu na ndoo na kamba.

Basi katika safari hizo mtu hufika mbele ya jabali lenye uwazi, au mdomo wa shimo lisiloonekana mwisho wake, akaambiwa: "Hapa pana mwenyewe." Haambiwi nani huyo mwenyewe. Huambiwa tu kwamba asiingie kabla ya kutoa kitu, naye atakayepokea kitu hicho yupo hapo hapo, amekaa kivulini, ana mkoba wake.

Na Muislamu aliyeswali alfajiri ya siku ile hutia mkono mfukoni. Ukimuuliza, hujibu, "Maalim, kuku mmoja ni kitu gani? Tumewakuta wenyeji na desturi yao, nasi tu wageni." Neno hili lasikilika kuwa ni la adabu, na kweli mgeni apasiwa na adabu. Lakini damu si adabu. Mnyama huchinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu peke yake. Aliyechinjiwa mwingine ni haramu kuliwa, na aliyemchinja ametajwa kwa laana katika hadithi aliyoipokea Sayyidna Ali, nayo imo katika Sahihi ya Muslim. Udogo wa kuku haupunguzi neno hili. Lau angaliambiwa atoe nzi, hukumu ingalikuwa ni ile ile, kwani kinachotazamwa ni moyo umeelekea wapi wakati wa kutoa.

Huenda mtu akasema: Je, majini si kweli? Jawabu yake ni kuwa majini ni kweli, wametajwa katika Kurani na Sura nzima imeitwa kwa jina lao, na mwenye kuwakanusha amekanusha Kitabu. Atazidi kusema: Je, Mtume hakukataza mtu kukojoa katika tundu, na Qatada alipoulizwa sababu akasema kwamba yasemwa kuwa ni makazi ya majini? Naam, hadithi hiyo ameipokea Abdallah bin Sarjis, na Abu Daud ameiandika. Wako wanavyuoni waliosema pia kwamba tundu huwa na nyoka na wadudu, na mwenye kuchutama juu yake hujitia hatarini. Lakini na atazame mwenye hoja hii yale aliyoamrishwa: ameamrishwa asiwaudhi walio ndani. Hakuamrishwa awalishe, wala awaombe ruhusa, wala awape fungu katika riziki yake. Kumpisha jirani ni jambo moja, na kumsujudia ni jambo lingine.

Na jambo hili si geni. Waarabu wa zama za ujahili, msafiri wao alipoingiliwa na usiku katika bonde la jangwani, alikuwa akisimama na kumwita mkubwa wa majini wa bonde lile amlinde na wabaya wa watu wake. Sura ya Jinni katika aya yake ya sita imeeleza mwisho wa biashara hii: waliojikinga kwa majini hawakupata kinga, walizidishiwa mashaka. Na hivyo ndivyo. Mtu aliyetoa kuku mwaka huu ataambiwa mbuzi mwaka ujao, kwa kuwa hofu ikishalipwa mara moja hupandisha bei. Badala yake Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwafundisha wasafiri dua fupi, aliyoipokea bibi Khawla binti Hakim: mtu atuapo mahali ajikinge kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia na shari ya alivyoviumba, na hakitamdhuru kitu mpaka atakapoondoka hapo. Dua hiyo haina gharama, haina mkoba, wala hana mtu wa kukaa kivulini akiipokea.

Tena wako wasemao kwamba mwenyewe wa shimo anajua yaliyofichika: anajua madini yako wapi, na nani atakufa humo. Na wakumbuke kifo cha Nabii Suleiman, amani imshukie. Majini walikuwa wakifanya kazi ngumu mbele yake, naye ameegemea fimbo yake hali amekwisha kufa, nao wasijue, mpaka mdudu wa ardhi alipoila fimbo na mwili ukaanguka. Walioshindwa kumjua maiti aliyesimama mbele ya macho yao, watajuaje kilichomo ndani ya mwamba wa Ruangwa?

Sasa na isikilizwe khabari ya shimo la Barhut, kwani ina mazingatio makubwa, na watu wengi wa pwani hii ni wajukuu wa Hadramaut na wamelisikia jina hilo tangu utoto.

Katika jimbo la Mahra, mashariki ya Hadramaut, karibu na mpaka wa Omani, liko shimo katika jangwa tupu. Mdomo wake ni mviringo, upana wake yapata mita 30. Mtu asimamapo ukingoni haoni chini. Watu wa nchi ile kwa karne nyingi wamesema kuwa ni jela ya majini, na kwamba harufu itokayo humo ni ya roho za waovu, na kwamba anayelikaribia huvutwa. Wengine hawapendi hata kulitaja. Na vitabu vya zamani vimetaja bonde la Barhut katika Hadramaut, na At-Tabarani amepokea kwa Ibn Abbas kwamba maji bora juu ya ardhi ni ya Zamzam na maji mabaya kabisa ni ya bonde hilo. Watu wakalichukua jina la bonde wakalivika shimo la Mahra, na kila aliyesimulia akaongeza kidogo, mpaka waandishi wa magazeti wa siku hizi wakaliita kisima cha Jahanamu. Hadithi haikusema hivyo. Jahanamu haina mdomo katika Mahra.

Katika mwezi wa Septemba mwaka wa 2021 walikuja watu wa Omani, Waislamu, chama cha watafiti wa mapango, wenye elimu ya mawe na elimu ya kamba. Walikuwa kumi. Wanane walifunga kamba wakashuka mmoja baada ya mmoja, na wawili wakabaki juu. Urefu waliopima toka ukingoni hadi chini ni mita 112, yaani ukiisimamisha minazi mirefu minne mmoja juu ya mwingine ncha haitafika ukingoni. Kabla yao walikuwako watu wa Yemen walioshuka kiasi cha mita 50 au 60 kisha wakarudi. Wa kufika chini wakajulikana, hao ndio wa kwanza.

Wakaona nini? Waliona maji yakitoka ubavuni mwa shimo na kuanguka chini kama maporomoko. Waliona nyoka, nao hawakuwaingilia watu, kwa kuwa nyoka humwepuka asiyemkanyaga. Waliona mizoga ya ndege na wanyama walioanguka, na hapo ikafahamika harufu ilikuwa ya nini. Na waliona lulu za pangoni, nyingine za rangi ya kijivu na nyingine za kijani: tone la maji huangukia chembe ya mchanga, huigeuza, huiachia utando mwembamba wa chokaa, kisha tone lingine, kwa miaka isiyohesabika, hata chembe ikawa duara laini. Jela hawakuiona. Pingu hawakuziona. Walichukua maji na mawe na udongo kwenda kuyapima, wakapanda, wakarudi kwao.

Na asiseme mtu kwamba kwa hiyo wamethibitisha kuwa majini hawako. Hawakushuka kwa ajili hiyo, wala kamba haipimi ghaibu. Walilolithibitisha ni kuwa yale yaliyosimuliwa kwa yakini na watu wasiopata kushuka yalikuwa dhana. Na kuna tofauti kubwa baina ya ghaibu aliyoieleza Mwenyezi Mungu na ghaibu iliyotungwa ukingoni mwa shimo.

Mfano wa pili uko Omani kwenyewe. Juu ya mlima wa Selma, katika mashariki ya nchi ile, kuna matundu matatu katika mwamba, nayo huingia katika chumba kimoja kikubwa mno, dari yake yapata mita 120 na sakafu yake zaidi ya mita 58,000 za mraba. Mtu wa kwanza anayejulikana kushuka humo ni Mmarekani, Don Davison, mwaka wa 1983, naye kazi yake ilikuwa kutafuta maji ya nchi. Jina lililoenea la pango hilo ni Majlis al-Jinn, yaani baraza la majini. Ndani hamna baraza. Mna giza na mawe na kimya.

Wala si mbali na nyumbani. Mapango ya Amboni karibu na Tanga, yaliyowekwa chini ya hifadhi ya serikali tangu mwaka wa 1922, yalisemwa kuwa njia yake yafika Mombasa, na wengine wakaipeleka hata Kilimanjaro. Mwaka wa 1994 walikuja Wajerumani na Waturuki wakayapima, wakakuta ni mapango kumi mbalimbali, na refu kuliko yote yapata mita 900. Mita 900! Mtu hutoka msikitini akafika sokoni kwa mwendo huo. Na bado wako watakaokuapia juu ya Mombasa. Mji wa Lindi nao hautasahau namna khabari inavyoenea bila ya mshikaji: mwaka wa 1908 ilipita hapo ile barua iliyoitwa ya Makka, iliyodaiwa kutoka kwa mlinzi wa kaburi la Mtume, wala hakuipata mlinzi yeyote, ikatia hofu Waislamu, na Wadachi nao wakaogopa fitina. Sura ya Hujurat imeamuru khabari ichunguzwe kabla ya kufuatwa, ili watu wasije wakawasibu wengine kwa ujinga wakajuta.

Kuhusu asili ya mapango, mtu wa pwani asipate taabu kufahamu, kwa kuwa anaijua chokaa. Maji ya mvua hupata ukali kidogo hewani, na zaidi katika udongo wenye majani yaliyooza. Yakiingia katika ufa wa jiwe la chokaa hulila, kidogo kidogo, hata ufa ukawa ukumbi. Hivyo ndivyo yalivyo ya Amboni, na ya milima ya Matumbi huko Kilwa, ambamo watu walijificha katika vita vya Majimaji baada ya mwaka wa 1905. Yale majabali ya Nachingwea hayakuumbwa hivyo. Jiwe lake ni gumu na maji hayalili. Uwazi wake ni nyufa, na mawe makubwa yaliyoviringika yakalaliana. Kwa hiyo akiambiwa mtu kwamba jabali lile lina njia ya kufika baharini, ana haki ya kutabasamu.

Lakini asitabasamu kupita kiasi. Kumwogopa mwenyewe asiyekuwako ni upumbavu, na kutoogopa shimo ni upumbavu vilevile, nao huua upesi zaidi. Mwenyezi Mungu amekataza watu kujitia kwa mikono yao katika maangamizo. Shimo lina hewa nzito inayozima taa, kisha inamzima mtu. Lina mwamba uliolegea. Lina maji: jangwani mvua ikinyesha mlimani, mtu aliye bondeni kwenye jua kali huletewa mafuriko asiyoyasikia, na katika nchi za kusini, kuanzia mvua za Desemba, shimo lililokuwa kavu asubuhi huweza kujaa jioni. Mwenye kutoa kuku mara nyingi huyasahau haya yote, kwani ameambiwa amekwisha kulipa. Hii ndiyo hasara ya pili ya ushirikina, nayo haisemwi sana: humnyang'anya mtu dini yake, kisha humnyang'anya na hadhari yake.

Tazama wale watu wa Omani. Kamba yao ilikaguliwa. Kila mmoja alikuwa na taa na kofia ngumu. Nao hawakushuka wote kumi. Wawili walibaki juu katika jua la Mahra, hawakuona maporomoko wala lulu. Lakini roho nane zilikuwa mikononi mwao. Amana haina mfano ulio wazi kuliko huo. Aliye chini hawezi kumwona aliye juu, wala hawezi kujua kama amesinzia, au amekwenda kununua sigara, au amegombana na mtu. Huvuta kamba tu, akangoja. Na mtu wa Ruangwa anayeshusha mwenziwe shimoni kwa ndoo na kamba na ajue kwamba saa ile amesimama katika ibada, na kuondoka kwake bila ya kumwachia mtu kamba ni khiana, hata kama mwenziwe atapanda salama.

Na Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alikuwa na mwenzi pangoni. Siku tatu alikaa katika pango la Thaur yeye na Sayyidna Abubakar, na maadui wamesimama mlangoni hata lau mmoja wao angaliinama angaliwaona. Abubakar alihofu, na hofu yake ilikuwa juu ya Mtume kuliko nafsi yake. Akatulizwa kwa neno moja, kwamba wasihuzunike, Mwenyezi Mungu yu pamoja nao. Hawakumwita mwenyewe wa pango.

Imebaki khabari ya watu watatu, waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Ibn Umar. Walikuwa safarini, ikawapasa kuingia pangoni, na jiwe likaporomoka kutoka mlimani likaziba mlango. Hakuna aliyejua walipo. Hawakuwa na kamba wala mtu juu. Wakasemezana kwamba hapana cha kuwatoa ila kila mmoja amwombe Mwenyezi Mungu kwa amali yake safi kuliko zote.

Wa kwanza alitaja wazee wake: alirudi usiku na maziwa akawakuta wamelala, akasimama na chombo mkononi mpaka alfajiri, na watoto wake wanalia miguuni pake, hakutaka kumpa mtu kabla yao. Jiwe likasogea kidogo, lakini hawakuweza kutoka. Wa pili alitaja binti wa ami yake, aliyempenda kupita watu wote. Alimpa dinari mia na ishirini wakati wa njaa ili ampate, na alipokwisha kumpata yule binti akamwambia amche Mungu, akainuka akamwacha, na fedha akamwachia. Jiwe likasogea tena, na bado hawakuweza kutoka.

Wa tatu alikuwa tajiri mwenye vibarua. Na hapa msomaji mwenye watu shimoni, au mwenye wabebaji wa magunia ya korosho, na asome polepole. Kibarua mmoja aliondoka bila ya kuchukua ujira wake. Tajiri hakuula, wala hakusema kwamba aliyekwenda amesamehe. Aliufanyia biashara kwa jina la mwenyewe mpaka ukawa ngamia na ng'ombe na mbuzi na watumwa. Baada ya muda yule kibarua akarudi akasema, "Nipe ujira wangu." Akaambiwa, "Vyote hivi unavyoviona ni ujira wako." Akasema, "Usinifanyie mzaha." Akaambiwa si mzaha, akavichukua vyote, akavipeleka mbele yake, hakubakisha hata kimoja.

Wako leo matajiri wanaochinja mbuzi mdomoni mwa shimo ili mwamba usianguke, na ujira wa wachimbaji wao wa miezi miwili umo katika sanduku lao. Wanamlipa asiyewadai, na mwenye kuwadai amelala na njaa.

Yule wa tatu alipokwisha kutaja amali yake alisema kwamba ikiwa aliifanya kwa kutaka radhi za Mwenyezi Mungu, basi awaondolee yaliyowafika. Jiwe likaondoka, nao wakatoka wakienda.